Bomba la pazia limeng'oka mara ya tatu, na safari hii limetoka na lipu

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mtu anayezijua kuta na mabomba ya mapazia, maana nimechoka kufagia vumbi la ukuta.

Dirisha la sebuleni lina upana wa mita 2 na sentimita 10. Nina mabomba mawili: la nyuma la neti, la mbele la pazia zito lenye kitambaa cha ndani cha kuzuia mwanga. Pazia zito ni vipande viwili vinavyokutana katikati. Breketi ni zile za kubeba mabomba mawili kwa pamoja, moja kulia na moja kushoto, na kila moja ina matundu mawili ya skrubu, la juu na la chini. Mabomba yenyewe ni yale ya kurefusha, jembamba linaingia ndani ya nene, nimeyavuta hadi karibu mita 2 na nusu.

Mara ya kwanza yalidumu miezi minne. Breketi ya kushoto ilianza kuinama, nikaikaza skrubu, ikawa inazunguka tu bila kushika. Asubuhi moja navuta pazia, likanifuata lote. Mara ya pili aliyekuja kufunga alichomeka vijiti vya mbao kwenye matundu yaleyale, akakaza skrubu humo. Wiki sita. Mara ya tatu ni juzi. Mwanangu mdogo alijificha nyuma ya pazia kwenye mchezo wao, akalivuta kidogo tu, breketi ikatoka na kipande cha lipu kipana kama kiganja changu. Hakuumia, kwa sababu upande wa kulia ulishika na bomba likabaki linaning'inia. Lakini kile kichwa cha chuma cha duara kilichoko mwisho wa bomba kilipita karibu kabisa na sikio lake. Tangu siku hiyo dirisha liko wazi, na sitaki kulifunga tena kwa kubahatisha.

Tatizo ni fisha (kile kibanio kinachoingizwa kwenye tundu kabla ya skrubu), ni ukuta, au ni uzito wa pazia? Pazia zito nimelipima: nilipanda kwenye mizani nikiwa nimelibeba, nikatoa uzito wangu, zikabaki kilo 6. Halafu nataka pia kuweka vishikio vya pembeni, vya kulishika pazia likiwa wazi mchana. Vinafungwa kimo gani? Vya chuma ni bora kuliko kamba za kitambaa?

Mpangaji_B2

Pole sana dada. Mimi niliachana na fisha, nikapiga misumari ya zege, mitatu kila breketi. Ina mwaka sasa na haijatikisika. Ila pazia langu ni jepesi na bomba ni moja.

FundiKeekee

Pole mama, na umefanya vizuri kupima. Mtu akija na vipimo, nusu ya kazi imeshafanyika.

Naanza kwa kuliondolea pazia lawama. Kilo 6 haziwezi kung'oa kitu kilichofungwa vizuri ukutani. Shida ni umbali. Breketi ya mabomba mawili hulitoa bomba la mbele kama sentimita 15 kutoka ukutani, na wewe umeweka pazia zito hukohuko mbele. Shika kitabu kinene mkono ukiwa umeukunja kifuani, kisha unyooshe mkono mbele. Kitabu ni kilekile, lakini bega linaona tofauti. Skrubu ya juu ya breketi yako ndiyo hilo bega.

Hesabu yake ni hii. Chukua umbali kutoka ukingo wa chini wa kile kibati cha breketi hadi skrubu ya juu, tuseme sentimita 5. Pazia linaning'inia sentimita 15 mbele. 15 kwa 5 ni mara 3. Kila kilo inayoning'inia kwenye breketi inaivuta skrubu ya juu itoke ukutani kwa nguvu ya kilo 3. Pazia likitulia, kila breketi inabeba kilo 3, kwa hiyo skrubu inavutwa kwa kilo 9 usiku na mchana. Mtoto akiegemeza kilo 10 tu za mwili wake karibu na breketi moja, hapo ni 13 mara 3, kilo 39. Na zote zinavuta kutoka nje, upande ambao fisha iliyoshika lipu peke yake haina cha kukinga.

Kaka Mpangaji, msumari wa zege haupanuki ndani ya tundu. Unashika kwa kubanwa tu, na ukipigwa unatia ufa kwenye lipu pembeni yake. Kwa pazia jepesi na breketi fupi unaweza kukaa. Kwa dirisha la mama huyu, lenye watoto, siwezi kuushauri.

Sasa mama, nahitaji mambo matatu. Chukua msumari mwembamba, uingize kwenye tundu la kushoto hadi ugote, weka alama kwa ukucha, uutoe na uupime. Kisha pima unene wa lipu pale ilipomeguka. Mwisho chungulia vumbi na mchanga ulioko ndani ya tundu: ni wa rangi gani, laini au wenye chembe? Fanya hivyo kulia pia.

MamaWawili

Nimefanya sasa hivi kwa tochi.

Kushoto lipu ina unene wa milimita 28. Sikutegemea, nilidhani ni kama gamba tu. Tundu lina sentimita 3 na nusu, na fisha niliyoikuta sakafuni ina sentimita 3. Vumbi ni la kijivu, laini kama poda. Kuna jambo jingine: nilipousukuma msumari kidogo, uliingia wote bila kugota popote, kana kwamba nyuma ni patupu.

Kulia msumari unagota kwenye kitu kigumu sana, na vumbi lina chembe. Aliyefunga alilalamika sana upande huo, drili ilikuwa inateleza na kupata moto.

FundiKeekee

Basi jibu umelileta mwenyewe.

Juu ya dirisha kuna linta, ile bimu ya zege inayobeba ukuta ulio juu ya uwazi. Linta haiishii kwenye ukingo wa dirisha, inaingia ukutani kila upande, mara nyingi sentimita 15 hadi 20. Kulia breketi yako imeangukia kwenye linta, ndiyo maana drili iliteseka na ndiyo maana upande huo haujawahi kukusumbua. Kushoto umeivuka linta, ukaingia kwenye tofali la mashimo. Fisha ya sentimita 3 ndani ya lipu ya milimita 28 inabakiza milimita 2 za kushika tofali, na nyuma ya hapo ni patupu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza breketi ya kushoto ilikuwa imeshikwa na lipu. Lipu imewekwa kusawazisha ukuta, kubeba si kazi yake.

Vile vijiti vya mbao navielewa, ni njia ya zamani na ilikuwa na heshima yake kabla ya fisha. Hilo jina lenyewe ni la mtu: Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni kibanio cha nailoni mwaka 1958. Uzuri wa nailoni ni kwamba skrubu ikiingia, kibanio kinapanuka na kulibana tundu pande zote. Kijiti hakifanyi hivyo, na kikikauka kinasinyaa. Lakini hata fisha bora duniani, ukiipanua ndani ya lipu, inaipasua tu. Ndiyo maana kipande chako kilitoka kizima.

Ningekuwa mimi, nisingerudi kwenye lile tundu kabisa. Ningeweka ubao juu ya dirisha. Tafuta ubao mkavu ulionyooka, urefu mita 2.60, upana sentimita 10, unene sentimita 2 na nusu. Ubao unafungwa kwenye linta kwa skrubu tano, zote ndani ya eneo ambalo una hakika ni zege. Ya kwanza na ya mwisho ziwe sentimita 5 hadi 8 nje ya ukingo wa dirisha, zilizobaki zigawane katikati. Baada ya hapo breketi zinafungwa kwenye ubao, na hapo hutegemei tena bahati ya kilichoko nyuma ya rangi. Ule mvuto wa kilo 39 hauendi kwenye skrubu moja, unagawanyika. Ubao ukipakwa rangi ya ukuta, mtu hauoni akiwa amekaa.

Matundu ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nisikilize vizuri. Fisha ya milimita 8 yenye urefu wa sentimita 5, na biti ya zege (ile ncha ya drili inayotoboa) ya milimita 8, isiwe ya 10. Lipu yako karibu sentimita 3, fisha 5, ongeza 1 ya vumbi litakalobaki chini: tundu liwe na sentimita 9 kutoka uso wa ukuta. Zungushia biti kipande cha utepe kwenye sentimita 9, ukiona utepe umegusa ukuta, simama. Drili iwe ya kugonga. Kabla ya kuingiza fisha, toa vumbi. Chukua mrija mwembamba, uingize hadi mwisho wa tundu, fumba macho, puliza. Rudia mpaka litoke safi. Nimeona fisha nyingi zikizunguka kwa sababu zimekaa juu ya kitanda cha vumbi.

Kisha fisha isiishie kwenye uso wa ukuta kama ulivyozoea kuona. Isukume kwa msumari butu hadi izame, ipite lipu yote na ikae ndani ya zege. Skrubu inayofaa ni nene ya milimita 5 au 6 na urefu wa sentimita 10 au zaidi kidogo: 2 na nusu za ubao, 3 za lipu, zinazobaki ndani ya fisha.

Biti ikigoma ghafla na kutoa mlio mkali wa chuma, umekutana na nondo. Usiilazimishe. Sogea sentimita 3 pembeni, toboa upya. Na kabla ya yote angalia kama kuna swichi au soketi karibu na dirisha, kwa sababu nyaya hupanda au kwenda pembeni kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye visanduku hivyo. Kwenye mistari hiyo usitoboe.

La mwisho, ongeza breketi ya tatu katikati. Bomba la mita 2 na nusu bila nguzo ya kati linainama hata kama ukuta ni jiwe, na la kurefusha huinamia pale jembamba linapotoka kwenye nene. Ukilipa egemeo katikati, kila nusu inainama mara 16 pungufu kuliko bomba zima lilivyokuwa likiinama. Kwa kuwa mapazia yako ni mawili yanakutana kati, breketi hiyo haitazuia pete kupita.

Cherehani_na_Uzi

Nimesoma yote, na fundi amesema kweli. Mimi nashona mapazia mwaka wa kumi na moja sasa, niachieni hapo kwenye vishikio.

Mama, kimo usikiamue kwenye karatasi. Wengine watakwambia theluthi moja kutoka chini, na kwa pazia la mita 2.40 hiyo ni sentimita 80. Ni mwanzo mzuri, si sheria. Fanya hivi: tundika pazia kwanza, likae siku mbili tatu lijinyooshe. Kisha mtu mmoja alikusanye kwa mkono na kulivuta pembeni, wewe ukae kwenye kiti unachokalia kila siku. Mwambie apandishe mkono, ashushe. Kuna mahali pazia linadondoka vizuri kutoka juu, linatengeneza tumbo moja la upole, halafu linateremka. Ukifunga chini mno, tumbo linapotea na pazia linaonekana limechoka. Ukifunga juu mno, dirisha linaonekana limebanwa shingo. Kwenye madirisha mengi niliyofanya, mahali hapo huwa karibu na kizingiti cha chini cha dirisha au juu yake kidogo.

Sasa, chuma au kitambaa. Kwa nyumba yenye mtoto wa umri huo, chuma hapana. Ile mikono ya chuma iliyojikunja inatokeza sentimita 10 au zaidi, na kwa kimo cha sentimita 80 hadi 100 iko sawasawa na macho ya mtoto anayekimbia. Fundi anataka kila kitu kishike sana, na kwa bomba yuko sahihi. Lakini kishikio cha pembeni mimi napenda kiachie. Kuna kamba za kitambaa zinazofungwa kwa sumaku mbili. Mtoto akilivuta pazia, sumaku zinaachana, pazia linafunguka, na ule mvuto haufiki wote kwenye breketi. Ukikosa za sumaku, tumia ukanda wa kitambaa wenye kifungo cha kubonyeza. Usitumie kamba iliyofungwa kitanzi ikaachwa inaning'inia, hata fupi, mahali mtoto anapofikia. Kitanzi ni hatari kwa shingo. Na kama una pazia lolote la kuvutwa kwa kamba ndefu, kile kibao cha kuzungushia kamba kiwe mita 1 na nusu kutoka sakafuni au zaidi, na kamba izungushiwe yote.

Urefu wa ukanda: kusanya kipande kimoja cha pazia bila kukibana, kizungushie futi, ilegeze hadi vidole vinne vipite ndani, soma. Hiyo ndiyo namba yako. Ukikata mfupi, kitambaa kinajikunja na mikunjo haitoki, hasa ukiwa na cha manyoya mafupi. Ile ndoano ndogo ya ukutani iwe sentimita 3 hadi 5 nje ya ukingo wa pazia, na ifichwe nyuma yake.

Na jambo dogo ambalo karibu kila nyumba nalikuta limeachwa. Pete ya mwisho kila upande iweke nje ya breketi, kati ya breketi na kile kichwa cha bomba. Hapo ukingo wa pazia unabaki mahali pake kila unapolifunga, huachi mwanya wa mwanga pembeni, na huhitaji kulivuta kwa nguvu kulirekebisha.

MamaWawili

Nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni sana, kwa kweli.

Ubao umefungwa. Aliyenisaidia ni kaka yangu, ana drili ya kugonga, na nilimsomea maelezo ya fundi neno kwa neno. Tundu la tatu lilikutana na nondo. Mlio ulikuwa kama ulivyosema, nikamwambia simama kabla hajakandamiza, tukasogea pembeni, likaingia. Vumbi lililotoka matundu yote matano lilikuwa na chembe, hata la kushoto, nikajua tupo kwenye linta. Kupuliza kulichukua muda kuliko kutoboa. Tundu moja nilidhani limekwisha, nikapuliza mara ya nne, likatoka vumbi la kujaza kofia ya kalamu.

Lile shimo la kushoto nimelisafisha, nimelilowesha, nimeliziba kwa simenti na mchanga, linasubiri kupigwa msasa. Sehemu ya juu yake imefunikwa na ubao.

Nimepima kishikio kwa njia ya dada wa cherehani. Kaka ameshika pazia, mimi nimekaa kwenye kiti changu, imetoka sentimita 92. Nimepata za sumaku. Mdogo amelivuta jana akikimbia. Nilisikia tu kile kimlio cha sumaku kuachana, nikainua kichwa, breketi hata haijatikisika. Nilikaa pale nikiangalia dari kwa muda.

Nimebaki na tatizo moja. Pete zikifika pale bomba nene linapokutana na jembamba zinakwama, inabidi nitikise. Sitaki kuzoea kutikisa.

FundiKeekee

Hongera mama, na mwambie kaka kazi yake ni nzuri.

Hapo kwenye kiungo, legeza breketi ya kati, usogeze mabomba ili ukingo wa lile nene uje chini ya breketi hiyohiyo. Kwa kuwa pete za kulia na za kushoto hazivuki katikati, hakuna itakayokutana na huo ukingo tena. Ikibaki imezidi sentimita moja au mbili upande wowote, zungushia utepe mwembamba wa plastiki kwenye lile jembamba hadi kimo kilingane, anza mbali kidogo ili iwe mteremko. Kisha sugua nta ya mshumaa juu ya bomba zima. Usipake mafuta, yatashika vumbi na kuchafua kitambaa.

MamaWawili

Ukingo umeingia chini ya breketi, imebaki milimita 4 tu upande wa kushoto. Nimezungusha utepe mara tatu na kupaka nta. Zinapita.